Mambo ya Nyumbani: Chungu cha Jioni

Mwezi huu twaomba ruhusa tuingie jikoni. Twajua wako wanaume watakaoguna na kusema, "Je, mwalimu amekosa la kuandika, hata atuletee habari za vyungu na miiko?" Na wako akina mama watakaosema, "Mwanamume anajua nini mambo ya mafiga?" Wote wana haki kidogo. Lakini katika kazi yetu tumekwenda nyumba kwa nyumba miaka mingi, tumekaribishwa mikekani kwa watu wengi, nasi tumeona kwamba mengi yanayoharibika nyumbani huharibika saa ile ya jioni, kati ya jua kutua na taa kuzimwa. Baba amerudi na hasira ya njaa, mama amechoka, watoto wanasinzia, na chungu hakijachemka.

Tuanze na habari ya nyumba yetu wenyewe, maana si haki kutangaza makosa ya majirani na kuficha ya kwetu.

Ilikuwa mwezi wa Februari. Wenyeji wa Kisaki mwaujua mwezi huo: ghala yaonyesha sakafu yake, mahindi ya shambani bado mabichi, na nguruwe wa porini na nyani wayangojea kama sisi tunavyoyangojea. Mwenzetu wa nyumbani alishinda shamba akiyalinda, hurudi jua limekwisha kushuka. Akifika hutua jembe, hutwaa ndoo, huenda kuteka maji, kisha hupiga magoti kupuliza kuni zilizonyeshewa mvua. Nasi wakati huo tulikuwa barazani, tumeketi juu ya kiti, tukitengeneza mafundisho ya kesho. Kunde zikawekwa motoni saa moja ya usiku. Saa tatu zilikuwa bado ngumu kama kokoto. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa amekwisha kutafuna kipande cha mhogo wa jana, amelala ubavuni mwa mafiga. Tukamwamsha ili ale, akalia, akalala tena. Tukasema sala ya chakula naye yu usingizini. Ikawa hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Mwisho wa juma mwalimu wake wa shule alitukuta njiani akasema, "Mwalimu, mtoto wenu analala darasani. Je, ni mgonjwa?" Tukajibu, "Labda ni homa." Nayo haikuwa homa, wala sisi hatukudhani kuwa ni homa. Tulisema hivyo kwa sababu ya haya, maana mtu anayewafundisha wengine hapendi ijulikane ya kuwa mtoto wake amelala na njaa, tena si kwa kukosa chakula, bali kwa chakula kuchelewa.

Tuliporudi nyumbani tukamwuliza mwenzetu kwa nini kunde hazianzwi mapema. Akatujibu kwa upole, na upole ule ulituchoma kuliko ukali: "Baba watoto, kunde zapenda kupikwa mchana. Nami mchana niko shamba. Mchana nani yuko nyumbani?"

Hatukuwa na jibu. Mchana, masomo yakiisha, ni sisi tuliokuwako nyumbani.

Basi hapo ndipo tulipoanza kujifunza mambo haya tunayowaandikia leo. Hatujifanyi mafundi wa mapishi. Mengi tumeonyeshwa na mwenzetu, mengine na bibi mmoja mjane wa upande wa Gomero, na mengine tumeyapata kwa waganga wa zahanati na katika vitabu.

La kwanza tulilojifunza ni kwamba chakula cha jioni huanza jana yake. Kunde, choroko, mbaazi au maharage huchaguliwa usiku, hutolewa mawe na wadudu, hulowekwa katika maji mengi mpaka asubuhi. Asubuhi maji yale humwagwa. Punje iliyokunywa maji usiku kucha huiva upesi, na kuni hupungua. Wako watu wenye desturi ya kutia magadi ili ziive kwa haraka. Kweli huiva, lakini magadi huua nguvu moja iliyomo ndani ya kunde, ile ambayo waganga huiita vitamini B ya kwanza. Maji ya usiku hufanya kazi ile ile, wala hayana gharama.

La pili ni kikapu, na hapa twataka kukaa kidogo, maana kikapu hiki ndicho kilichoitengeneza nyumba yetu. Yule bibi wa Gomero alituonyesha. Twaa kikapu kikubwa, au sanduku, au hata pipa la zamani. Lijaze majani makavu ya shambani, au pumba za mpunga zilizotiwa ndani ya gunia. Yashindilie vizuri, kisha fanya shimo katikati, kadiri ya sufuria yako, lisipwaye. Shona mto wa nguo kuukuu, uujaze majani yale yale, uwe kifuniko. Basi chemsha kunde zako motoni kwa nguvu, na kifuniko juu, muda wa robo saa au nusu saa. Zikiwa bado zinatokota, iepue sufuria bila kuifunua, itie upesi katika shimo lile, ifunike kwa mto, na juu yake blanketi kuukuu. Halafu nenda zako. Moto ulioingia ndani ya sufuria hauna pa kutokea, nao huendelea kupika bila ukuni hata mmoja. Baada ya saa nne au tano utakuta kunde zimelainika na sufuria ingali ya moto.

Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. Moja, maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ndani ambayo huvunjwa kwa kuchemka kwa nguvu tu. Joto la taratibu haliiondoi. Kwa hiyo usiyatie kikapuni kabla hayajatokota sawasawa robo saa nzima. La pili, usikiache chakula humo kutwa nzima. Joto likipungua chakula huwa vuguvugu, na chakula vuguvugu katika hari ya Kisaki huchacha upesi. Sisi huchemsha saa saba mchana, tukafunua saa kumi na mbili jioni, tukakirudisha motoni kichemke tena kabla ya kuungwa.

Tumesema "sisi huchemsha." Ndiyo, ni sisi. Siku ya kwanza jirani mmoja alipita, akatukuta tumeinama kwenye mafiga tukipuliza moto, machozi yakitutoka kwa moshi. Akasimama. Akauliza, "Mwalimu, mama hajambo?" Tukajibu, "Hajambo, yuko shamba." Akatutazama kitambo, akaenda zake akitikisa kichwa. Jioni ile habari ilikuwa imekwisha kufika Stesheni.

Sasa tuseme juu ya kile kinachotiwa ndani ya chungu. Sisi wa Ukutu, tulio chini ya milima ya Uluguru kando ya mto Mgeta, zamani hatukuwa na maziwa. Sababu yake ilikuwa mbung'o. Ng'ombe hawakukaa hapa. Waulizeni wanaojua habari za vita ile kubwa ya kwanza: majeshi ya Waingereza na Waafrika Kusini yalipowafuata Wajerumani hata Kisaki, Septemba mwaka 1916, farasi wao walikufa kwa ndorobo, na askari wakabaki ng'ambo ya Mgeta miezi mingi wakiwa na njaa, hata Januari mwaka 1917. Wajerumani upande wao walikula chakula cha nchi hii. Wazungu wale walikuja na farasi na makopo ya nyama. Farasi wakafa na makopo yakaisha, nao wakajua ya kuwa hapa mtu huishi kwa kile kinachoota mashambani na kile kitokacho mtoni.

Nacho si haba. Twawasikia watu wakisema, "Sisi hatuna mboga, twala ugali na kunde tu." Neno hilo "tu" ni kosa. Mahindi peke yake hayatoshi kuujenga mwili, kwa kuwa yamepungukiwa na kitu kimoja cha kujenga nyama ya mwili, nacho kimo kwa wingi katika kunde na maharage. Na kunde nazo zimepungukiwa na kitu kingine, nacho kimo katika mahindi na mtama. Vikiliwa pamoja, kimoja hukijazia kingine, na mtoto hupata chakula kinachokaribia nyama kwa nguvu yake. Wazee hawakusoma habari hizo kitabuni, walakini walipika kande, mahindi na kunde katika chungu kimoja. Mzee wa kale akija leo akaona kijana anasukuma kande pembeni kwa sababu ati ni chakula cha kimaskini, angestaajabu.

Hivi ndivyo mwenzetu anavyopika kunde za jioni kwa watu sita. Kunde kavu vikombe viwili vya chai, zilizolowekwa na kulainika kikapuni. Vitunguu viwili, nyanya tatu, nazi moja, na konzi mbili za majani: ya kunde, au msusa, au mchicha, au matembele. Nazi hukunwa na kukamuliwa mara mbili. Vitunguu na nyanya hupikwa kwanza katika mafuta kidogo mpaka zivurugike, kisha kunde hutiwa pamoja na tui la pili, lile jepesi. Zikitokota huingizwa majani yaliyokatwa, na baada ya dakika chache tu tui zito, hukorogwa polepole bila kufunika, maana tui likichemshwa kwa fujo hukatika. Chumvi hutiwa mwisho. Iwe chumvi ya pakiti yenye madini joto, nayo madini hayo hupotea ikipikwa muda mrefu. Na tena, msitie nyanya kabla kunde hazijaiva. Nyanya zikitangulia, kunde hugoma.

Na kama nazi ni ghali? Nazi kwetu hutoka pwani, na siku nyingine bei yake yashangaza. Hapo sharti tuseme neno juu ya ufuta. Kila mwaka twaona ufuta ukitoka mashambani kwa magunia, wanunuzi waja, wapima, walipa, waondoka. Na baada ya mwezi mmoja mama yule yule aliyepalilia ufuta yuko dukani akinunua mafuta kwa kipimo cha kikombe. Hatusemi msiuze. Ada za shule na mabati ya nyumba hutoka humo. Twasema, kabla gunia la mwisho halijashonwa mdomo, wekeni pembeni pishi tatu au nne za nyumbani. Ufuta ukaangwe kidogo tu katika kikaango kikavu, usiungue, utwangwe katika kinu mpaka utoe mafuta, kisha utiwe katika mboga za majani au kunde mahali pa tui. Karanga kadhalika. Na hili si jambo la utamu peke yake. Nguvu ile iliyomo katika majani ya kijani, na katika boga, papai na embe bivu, ile inayolinda macho, hainyonywi vema na mwili ila ikiwa pamoja na mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu hujaza tumbo, lakini sehemu kubwa ya faida yake yapita bure. Kijiko kimoja cha ufuta kwa kila mlaji chatosha kuileta.

Tena kamueni ndimu juu ya majani. Ukali wa ndimu husaidia damu kupata chuma kilichomo katika mboga na kunde. Chai kinyume chake: kikombe cha chai ya rangi kikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho. Sisi tunaopenda chai, nasi ni mmoja wao, tuingoje saa moja baada ya kula. Ni vigumu. Twajaribu.

Juu ya unga twasema kwa kifupi. Sembe nyeupe ni nzuri machoni, lakini kiini cha punje na ganda lake vimebaki mashineni kuwa chakula cha kuku, na ndimo mlimokuwa na nguvu. Dona ina vyote. Ubaya wake ni mmoja, kwamba kwa ajili ya mafuta ya kiini haikai siku nyingi bila kuwa chungu. Kwa hiyo sageni kidogo kidogo. Nao ugali wa mtama, ambao vijana wengine wauonea haya mbele ya wageni, twauombea urudi mezani hata mara mbili kwa juma.

Lakini punje zenyewe ziwe safi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua tumbo na kuwa macho ya manjano, na karibu watu 20 wakafa. Ikaonekana ya kuwa walikula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu, nayo huitwa sumu kuvu. Sumu hiyo haitoki yote kwa kupepeta, wala kwa kuosha, wala haifi motoni hata ugali ukipikwa saa nzima. Dawa yake ni kuyakausha mahindi juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo, na kuyaweka mahali pasipovuja, na kuzitoa punje zilizobadilika rangi kabla ya kusaga. Twajua mwezi wa njaa mkono huona uzito kuitupa hata punje moja. Walakini itupeni, wala msiwape kuku, maana nao huidhuru, na mayai hupata sumu hiyo.

Habari ya mhogo ni nzito zaidi, nasi twawasihi walimu waisome kwa sauti mbele ya watu wasiojua kusoma. Mhogo ni mwokozi wetu. Mvua ikikosa, mhogo upo. Nguruwe wakimaliza mahindi, huenda mhogo ukabaki. Lakini ule mchungu una sumu kali, nao wazee waliujua, ndiyo maana walikuwa na kazi yote ile: kuumenya, kuuloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike, kuuanika mpaka ukauke kabisa, ndipo wakautwanga kuwa unga wa bada. Sasa mwenye njaa hana miiko. Mwaka wa ukame mtu huuona muda wa siku nne ni mrefu, huumenya leo, huutwanga na kuuanika, na kesho huupika. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu waliokula mhogo mchungu usiotengenezwa sawasawa walipatwa na ugonjwa uitwao konzo: mtu aamka asubuhi miguu yake imekakamaa, hawezi kutembea kama jana, nayo miguu hairudii hali yake tena. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake. Na mwaka 1988 katika wilaya ya Masasi watu walitapika na kuzimia kwa sababu ile ile ya kufupisha kazi. Jina hilo la konzo latoka Kongo, kwa watu wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huko daktari mmoja, Trolli, aliandika habari zake mwaka 1938.

Basi siku ya haraka pikeni mhogo mtamu, au ndizi, au wali, au uji mzito. Mhogo mchungu na upewe siku zake.

Kisamvu nacho ni jani la mhogo, nacho kina sumu ile ile, lakini hutoka kwa njia rahisi. Kitwangwe sana kinuni, kisikatwe kwa kisu tu, maana ni kule kupondwa kunakoifungua sumu. Kisha kichemshwe katika maji mengi, sufuria wazi, ili mvuke wake uende zake. Kikipikwa hivyo saa nzima, kikaungwa kwa karanga au tui na kitunguu, hakuna mboga ipendwayo kuliko hiyo nyumbani mwetu. Nacho chakubali kulala: kilichopikwa jana, kikichemshwa vizuri leo, huzidi utamu. Jioni ya kuchelewa kisamvu cha jana ni rafiki.

Twaja kwenye samaki. Mvua zikipungua, kambale na perege hupatikana katika vidimbwi vya Mgeta, na wale waliokaushwa kwa moshi huuzwa sokoni. Samaki ni baraka, lakini amegawanywaje? Tutawaambia tulichokiona, bila kutaja nyumba. Tulikaribishwa siku moja tukala barazani pamoja na mwenye nyumba. Tuliletewa ugali na kambale mzima, mnene, katika mchuzi wa nazi. Tulipokwisha kula tulitoka nyuma kunawa, tukaona watoto watano wamezunguka sinia karibu na jiko, wachovya matonge katika mchuzi mtupu. Mama yao, naye alikuwa mjamzito, alikuwa akikwangua sufuria. Hatukumlaumu mwenye nyumba yule. Njiani tulihesabu ni mara ngapi sisi wenyewe tulikula mnofu nyumbani kwetu pasipo kuuliza kilichobaki jikoni, tukakosa kujua hesabu yake.

Desturi hiyo ya baba na wageni kula kwanza yatoka mbali, nasi hatutaki kuitukana. Heshima kwa mkubwa ni kitu chema. Lakini mwili wa mtu mzima umekwisha kujengwa, na wa mtoto ungali katika kujengwa, na wa mama mjamzito wajenga mtu mwingine ndani yake. Hesabu ya serikali ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, maana yake kimo chao hakikufika kadiri ya umri wao. Miaka michache kabla ya hapo walikuwa 34, kwa hiyo yako maendeleo, lakini thelathini katika mia ni wengi mno, na mtoto aliyedumaa katika miaka yake miwili ya kwanza ni vigumu kukirudisha kimo hicho, na mara nyingi akili yake ya shule nayo hupungua. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani ahesabu mwenyewe.

Kwa hiyo nyumbani kwetu mwenzetu hugawa mnofu kabla chakula hakijatoka jikoni. Kila mtoto ana kipande chake, hata kama ni kadiri ya kidole, nao wadogo wasioweza miiba hutwangiwa samaki mkavu kuwa unga, ukatiwa katika uji au mboga. Na mgeni akija? Mgeni hupewa naye, wala hakuna aliyekasirika hata leo. Vilevile miiko ile ya kumkataza mjamzito kula mayai imekwisha kwetu. Tuliambiwa ya kuwa mtoto atazaliwa bila nywele. Wetu wa mwisho alizaliwa na nywele mpaka shingoni.

Neno moja juu ya moshi, kisha tumalize. Tulipopuliza moto juma moja tu tuliona macho yanawasha na kifua kinabana, tukafikiri juu ya mwenzetu aliyefanya hivyo miaka kumi na sita akiwa na mtoto mgongoni. Moshi wa kuni huharibu mapafu ya mama na ya mtoto. Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa gesi, umeme na vitu vingine visivyo na moshi. Twaupenda mkakati huo. Lakini mtungi ukiisha, kuujaza tena ni fedha ya mara moja, na fedha ya mara moja ni adimu kijijini. Hata siku hiyo ifike, kauka kuni zako juu ya dari, toboa dirisha jikoni, na weka chungu kikapuni. Sisi tulihesabu mizigo ya kuni: pale palipokwenda mizigo mitatu kwa juma, sasa yaenda miwili. Mzigo ule wa tatu ulikuwa ukichukuliwa na binti yetu mkubwa, siku ya Jumamosi, mwendo wa kwenda na kurudi nusu siku. Sasa Jumamosi hiyo asoma.

Mtoto yule wa miaka sita amekwisha kuwa wa miaka saba. Chakula chaiva saa moja kasoro, yeye yu macho, naye ndiye anayependa kufunua kikapu ili aone mvuke ukitoka. Mwalimu wake hatujamwambia habari ya ile homa. Labda asome hapa.

Na jirani yetu yule aliyetikisa kichwa, juma lililopita alikuja jioni, giza limekwisha kuingia. Aliongea habari za mvua, akaongea habari za nguruwe, akaongea habari za treni iliyochelewa. Tulipomsindikiza hata mlangoni tukaona ameacha kitu nje, karibu na nguzo ya baraza. Kilikuwa kikapu kikubwa, kipya. Akakiinua, akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, majani haya hushindiliwa kiasi gani?"